Chombo Juu ya Gadi: Kuosha na Kutunza Vyombo katika Bahari ya Mafia

Wahenga wa pwani waliacha methali fupi isemayo: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Leo neno nyenzo limehamia ofisini, na katika hotuba kila upungufu wa fedha au wa zana huitwa upungufu wa nyenzo. Asili yake iko mchangani. Nyenzo ni magogo ya mviringo yanayotandikwa pwani ili chombo kizito kipite juu yake. Methali hiyo husomwa mara nyingi kama nasaha kwa mwenye kutaka kuanza jambo, kwa kuwa msomaji hufikiria chombo kinachoshuka majini. Lakini mabaharia walizihitaji nyenzo kwa safari mbili: ya kukishua chombo baharini, na ya kukipandisha pwani kinaporejea kimechoka, kimeota mwani na magamba, mbao za juu zimekauka kwa jua na za chini zimelowa kwa maji.

Historia ya kupanda huku haikuandikwa sana. Wasimulizi wa safari hupenda kuanza na kutweka tanga na kumaliza na kutia nanga. Yaliyofuata baada ya nanga, yaani siku za kukwangua, kuchoma, kukalafati na kupaka, wamewaachia mafundi. Hata hivyo ni katika siku hizo ndipo ilipoamuliwa kama kutakuwa na safari nyingine.

Neno chombo lenyewe lina upana wake. Chungu ni chombo, jahazi ni chombo, na katika lugha ya barabarani pikipiki ni chombo cha moto. Kijana anayeiosha pikipiki yake jioni, baada ya kutwa nzima ya kwenda na kurudi kati ya Kilindoni na Utende, anafanya kazi ambayo babu zake wa Juani, Chole na Jibondo waliifanya kwa mashua. Vifaa vimebadilika, na jambo moja kubwa, kama itakavyoonekana, limegeuka juu chini. Lakini swali la msingi ni lile lile: chombo kilichokufikisha unakirudishiaje hali yake, na ni nani anayekulinda wakati kimelala na hakiwezi kwenda?

PWANI YENYE GHUBA

Kisiwa cha Juani kiko kusini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia. Ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe. Upande wake wa mashariki hupigwa na mawimbi ya bahari kuu. Upande wa magharibi huelekea maji matulivu ya ghuba ambamo kimo kisiwa kidogo cha Chole. Kusini yake kipo Jibondo, kisiwa chenye mawe mengi na udongo haba, ambacho watu wake wamejulikana kwa uvuvi na uundaji wa vyombo kuliko kwa kilimo.

Mazingira haya yanaeleza mengi. Chombo kinapotaka kuoshwa huhitaji maji shwari, mchanga usio na mawe makali, na bahari inayopwa na kujaa kwa tofauti kubwa. Ghuba ya Chole inayo yote hayo. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita meta 3, na pwani kubwa hubaki kavu kwa saa kadhaa. Kuna mikoko ya kukata gadi, kuna minazi ya kutoa makuti, kumbi na mafuta. Ghuba hiyo ni chelezo iliyojengwa na maumbile, isiyohitaji ukuta wala lango.

Watu waliitambua pwani hii zamani sana. Uchimbuzi wa kiakiolojia uliofanywa Juani, karibu na shule ya msingi ya kisiwa, umeonyesha kuwa watu waliishi hapo tangu kati ya karne ya 4 na ya 6 baada ya Kristo, wakila samaki na chaza na wakitumia vyungu vya mtindo wa wahunzi wa bara. Hawakufika kwa miguu. Walikuwa na vyombo, na mwenye chombo hana budi kuwa na pahala pa kukitunzia.

Miaka mingi kabla ya hapo, katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki kutoka Misri aliandika mwongozo wa bahari ujulikanao kama Periplus. Ndani yake ametaja kisiwa cha Menouthias na mji wa Rhapta katika pwani hii, na vyombo vyake vya kushonwa kwa kamba. Jina la Rhapta lenyewe limetokana na ushonaji huo. Wataalamu wamebishana kama Menouthias ilikuwa Pemba, Unguja au Mafia, na ubishi haujakwisha. Lisilobishaniwa ni kwamba mbao zilizoshonwa kwa kamba zilidai matunzo zaidi ya zile zilizopigiliwa misumari. Kamba huoza, tundu hupanuka, na mshono mmoja ukilegea maji huingia.

KAZI YENYEWE

Chombo hupandishwa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Kwanza hupunguzwa uzito: shehena hutolewa, tanga na foromali hushushwa, na farumi, yale mawe yanayokituliza chombo kisipinduke, hutupwa nje. Maji ya ngama hufuliwa. Kisha bahari ikijaa kabisa chombo huletwa juu kadiri kinavyoweza kuelea, na maji yanapoanza kutoka, kabla mkuku haujakaa mchangani, watu husimama pande zote mbili na gadi mikononi. Gadi ni nguzo za kukitegemeza chombo kisilale ubavu. Zikikosewa, mbavu za chombo huvunjika kwa uzito wake wenyewe.

Kazi ndogo humalizika kati ya maji na maji. Chombo kikihitaji kubadilishwa mbao au kukalafatiwa upya, hubaki juu hadi bamvua ya pili, yapata wiki mbili. Katika muda huo mwenyewe hana chombo. Ana deni la mbao, mafundi wa kuwalisha, na bahari anayoiona kila siku bila kuweza kuiingia.

Kukwangua huanza mbao zikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mwani na magamba yakikauka hushika kama chokaa ukutani. Baada ya kukwangua hufuata moto. Makuti makavu hufungwa mafungu, yakawashwa na kupitishwa chini ya chombo, fundi akitembea na mwali kama anayepiga pasi. Moto huu una shabaha mbili: kukausha mbao na kuwaua wadudu wa baharini wanaozitoboa. Wadudu hao hawaonekani kwa nje. Tundu la kuingilia ni dogo mno, lakini ndani hupanua njia hata ubao ulioonekana mzima ukabaki kama sega la nyuki. Mwali ukipita haraka hawafi. Ukikaa mno, chombo kinaungua. Kipimo hakikuandikwa popote. Kimo katika mkono wa fundi.

Ndipo kalafati. Pamba iliyooza hutolewa katika maungo ya mbao, na pamba mpya iliyolowekwa mafuta husokotwa na kushindiliwa kwa patasi na nyundo. Mlio wake hubadilika kadiri ungo linavyojaa, na fundi mzoefu hujua kwa sikio kuwa pamba imekaa. Mwisho huja upakaji. Sehemu itakayokuwa chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ambao hukauka na kuwa ganda jeupe linalowachelewesha wadudu. Sehemu ya juu, inayopigwa na jua, hupakwa sifa.

Hapa mpenzi wa mashairi atatua kidogo. Kiswahili kina sifa mbili zinazofanana kwa sauti na kwa herufi: ile anayoimbiwa mtu kwa wema wake, na mafuta ya samaki yanayopakwa chombo. Sifa ya pili hupatikana kwa maini ya papa, yanayoachwa juani au kuchemshwa mpaka yatoe mafuta, na harufu yake hutangulia kufika kabla ya chombo chenyewe. Malenga aliyezaliwa pwani alizijua zote mbili, na hakuhitaji kuelezwa kwamba ya kwanza bila ya pili haikivushi chombo.

SIFA NA CHOKAA

Matumizi ya mafuta haya ni ya kale na yalienea bahari nzima ya Hindi na ya Shamu. Mwaka 1183 msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, akiwa njiani kwenda kuhiji, alifika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu na kuviona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi. Ameeleza kuwa vilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba haya ya mwisho yalikuwa bora kuliko yote. Sababu aliyoitoa inafahamika kwa kila mvuvi wa Mafia: bahari ile ina miamba mingi, na ubao uliolainishwa kwa mafuta hunyumbuka unapogusa mwamba badala ya kupasuka. Karne moja baadaye Marco Polo alipita Hormuz, akaona vyombo vya kushonwa visivyopakwa lami bali mafuta ya samaki.

Kwa hiyo mvuvi wa Jibondo aliyechemsha maini ya papa hakuwa akifuata desturi ya kijiji chake tu. Alikuwa mshirika wa elimu moja iliyotoka Bahari ya Shamu hadi pwani ya Msumbiji, ikisafiri pamoja na pepo za kaskazi na kusi. Majina yenyewe ni ushahidi: sifa, deheni, shahamu na kalafati yamekuja kwa Kiarabu, huku gadi, nyenzo, mkuku na tezo yakikaa nayo benchi moja.

Chokaa nacho kina habari yake. Magofu ya Kua, yaliyoko magharibi ya Juani, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hicho kilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Kua ulikuwa mji mkubwa katika karne ya 18, wenye jumba la kifalme la ghorofa, misikiti kadhaa na makaburi ya mawe. Mzungukaji wa leo huziona kuta zilizokumbatiwa na mizizi ya miti. Aghalabu hakumbuki kwamba chokaa kilichozipaka nyumba hizi weupe ndicho kilichovipaka weupe vyombo vilivyozileta mali ndani yake. Mji na chombo vilitunzwa kwa dawa moja iliyotoka katika mwamba mmoja.

KUA NA JIBONDO

Chombo kilichoko juu ya gadi ni chombo kisicho na ulinzi. Hakiwezi kukimbia wala kupigana. Mwenyewe anategemea hisani ya jirani, kwa kuwa familia moja haiwezi kukisukuma peke yake. Ni lazima waje watu wengi, wa mitaa mingine na hata wa visiwa vingine, washike kamba, waitikie wimbo na kuvuta kwa pamoja. Ndiyo maana siku ya kukishua chombo ilikuwa siku ya karamu. Chakula kilichopikwa kilikuwa ujira, na pia kilikuwa ishara ya amani.

Kwa kuijua desturi hiyo ndipo msikilizaji anapoelewa kwa nini hadithi ya Kua na Jibondo imedumu katika vinywa vya watu. Ina sura zaidi ya moja. Katika mojawapo, watu wa Jibondo waliunda chombo, na siku ya kukishua wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani mahali pa nyenzo, na chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka, hata jambo likaonekana kusahauliwa. Kisha wakawaalika watu wa Jibondo harusini, wakawaketisha katika chumba cha chini ya jumba, na ngoma ikachezwa. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja pasipo wageni kutambua, na mlango ukajengwa kwa mawe na chokaa. Waliokuwa ndani hawakutoka tena.

Mwanahistoria hatakubali kila neno la kisa hiki. Visa vya watu kulazwa chini ya chombo na vya wageni kuzibiwa ndani husimuliwa na mataifa mengi. Lakini mpangilio wake una hekima ambayo haikupatikana kwa bahati. Maovu mawili yamewekwa katika saa mbili ambazo jamii ya pwani ilizihesabu kuwa salama kuliko zote, yaani saa ya kusaidiana chombo na saa ya harusi. Vifaa vya uovu ni vile vile vya kazi njema: nyenzo zinazokipeleka chombo, na chokaa kinachokilinda. Msimulizi hakuhitaji kutoa mahubiri. Alichukua methali aliyoikuta, akaonyesha inavyokuwa pale binadamu anapofanywa nyenzo.

Masimulizi huendelea kusema kwamba uadui huo ulifungua mlango kwa maangamizi ya Kua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, nchi iitwayo leo Madagaska, waliuvamia mji kwa vyombo vyao, wakaua na kuchukua mateka, na Kua haukuinuka tena. Wapo wasemao kuwa waliitwa na watu wa Jibondo. Inasemekana pia kwamba milango ya nakshi ya msikiti wa Jibondo ilitoka katika magofu ya Kua. Kama ni kweli, basi mbao zilizookolewa katika mji uliokufa zinaendelea kutunzwa na watu walioitwa maadui wake, na kila mwenye kuingia kusali huzigusa.

MELI ZILIZOKUTWA ZIMELALA

Yaliyosimuliwa kwa Kua kama hadithi yalitokea tena karne moja baadaye kwa meli za chuma, na safari hii yakaandikwa kwa saa na tarehe. Mwaka 1914 Mafia ilikuwa chini ya Wajerumani, walioitwaa pamoja na pwani ya bara mwaka 1890. Makao yao katika kisiwa yalikuwa Chole hadi yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Vita vilipoanza, Waingereza walikuwa na manowari kuukuu iitwayo Pegasus, iliyoshuliwa mwaka 1897. Baada ya safari nyingi boila na mitambo yake ilihitaji kusafishwa na kutengenezwa, na kwa kazi hiyo ikatia nanga Zanzibar.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilitokea mlangoni mwa bandari. Pegasus haikuwa na mvuke wa kuondokea, na mizinga yake haikufika mbali kama ile ya adui. Mapigano yalikuwa mafupi. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na meli ikazama siku hiyo hiyo. Makaburi yao yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Pegasus ilikutwa juu ya gadi, ingawa gadi zake hazikuonekana.

Mshindi naye hakukaa salama. Injini ya Königsberg iliharibika, na Looff akaiingiza meli yake katika matawi ya mto Rufiji, ng'ambo ya mlango wa bahari unaoitenga Mafia na bara. Hapo, kati ya mikoko, meli ikafichwa. Vipande vya mitambo vilivyovunjika vilifunguliwa, vikaburutwa nchi kavu na umati wa wachukuzi hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ile ile. Nyaraka zimehifadhi jina la nahodha na la meli, lakini majina ya wachukuzi hayakuandikwa, ingawa mabega yao ndiyo yaliyokuwa nyenzo. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza walikuwa wamekwisha kugundua maficho hayo, na midomo ya mto ikafungwa.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege na meli zao. Kutoka Malta ziliburutwa meli mbili za mtoni zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, zikapitia Suez na Bahari ya Shamu hadi zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni. Hazikuundwa kwa bahari kuu, na zilifika zimechoka. Mwezi mzima ulipita zikitengenezwa katika maji ya Mafia kabla ya kuthubutu kuingia Rufiji tarehe 6 Julai. Siku hiyo zilishindwa, zikarejea Mafia na majeraha, zikatengenezwa kwa siku 5, na tarehe 11 Julai 1915 zikarudi na kuimaliza Königsberg. Looff aliamuru meli yake izamishwe.

Tofauti ya Pegasus na meli hizi mbili haikuwa ujasiri. Pegasus ilifunguliwa mitambo yake pasipo na mlinzi wa kutosha. Severn na Mersey zilitengenezwa zikiwa nyuma ya kisiwa kilichotekwa kwa ajili hiyo. Mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Watoto wa shule huipanda bila kujua ni upi ulikuwa wa nani.

CHUMVI NA MAJI MATAMU

Utunzaji wa zamani ulikuwa na gharama iliyolipwa na bahari yenyewe. Sifa ilitoka kwa papa na chokaa kilitoka katika matumbawe. Vyombo vilipokuwa vichache na nyavu fupi, bahari iliweza kulipa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mambo yalibadilika: matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya majengo na chokaa, baruti ikavunja miamba, na papa wakapungua. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ikijumuisha Juani, Chole na Jibondo. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, anayeonekana karibu na Kilindoni katika miezi ya kaskazi, sasa huleta wageni wanaolipa ili waogelee kando yake. Ini lake lina thamani zaidi likibaki tumboni mwake.

Mwenye mashua amejikuta katika njia panda. Anaombwa aulinde mwamba, na jambo hilo ni la haki, kwa kuwa mwamba ukifa samaki nao huondoka. Lakini dawa alizorithi za kukitunza chombo zilitoka katika mwamba huo, na rangi ya dukani inataka fedha taslimu. Mafundi wa Chole na Jibondo wangali wakiunda na kukarabati vyombo vya mbao, ila pembeni yao zimefika mashua za plastiki ngumu na mashine za kupachika nyuma.

Hapo ndipo chumvi ilipogeuka adui. Chombo cha mbao hakikuiogopa chumvi. Mabaharia waliosha sitaha kwa maji ya bahari na kuyahofu maji ya mvua, kwa sababu maji matamu yakituama ngamani huozesha mbao, na maji ya chumvi huzihifadhi. Chuma kina tabia ya kinyume. Mashine ya kupachika ikitoka baharini lazima izungushiwe maji matamu, la sivyo chumvi hukauka ndani ya njia zake na kuzila. Na pikipiki inayopita barabara ya Kilindoni hadi Utende, ambako abiria wa Juani na Chole hushuka ili wapande mashua, hula upepo wa bahari siku nzima, kisha huongezewa mchanga na vumbi la njia za pembeni.

Kuiosha pikipiki hiyo ni ufundi wenye taratibu zake, na aliyeusikiliza utaratibu wa mashua hatauona mgeni. Injini huachwa ipoe, kwa kuwa maji baridi juu ya chuma cha moto hukipasua. Mdomo wa bomba la moshi huzibwa, kama ungo la mbao linavyozibwa. Tope hulowekwa kwanza na kuondolewa kwa maji ya ndoo, kwani likisuguliwa kavu mchanga wake huikwaruza rangi. Ni hekima ile ile ya kukwangua magamba kabla hayajakauka. Mnyororo husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, ukakaushwa, ukatiwa oili mpya, na oili hii ndiyo sifa yake. Breki huangaliwa, nati hukazwa, na mwisho injini huwashwa kidogo ili joto liyafukuze maji yaliyojificha. Moto, kwa mara nyingine, unakausha chombo.

Kilichokuwa bure sasa kina bei. Bahari iliyoosha mashua haiwezi kuosha pikipiki, na katika visiwa vya matumbawe maji matamu ni kitu cha kuhesabiwa. Ndoo inayomwagwa juu ya magurudumu imetoka katika kisima ambacho mama wa nyumba naye anakitazamia. Jambo lililokuwa kati ya fundi na bahari limekuwa kati ya kijana na jirani zake.

MANENO YANAYOBAKI PWANI

Kuna methali nyingine ya bahari hii: mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea. Kwale ni kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi ya Mafia, na methali yake husomwa kama onyo kwa anayedhani uzoefu unatosha. Mwanamaji hafi kwa kuwa hajui kuogelea. Hufa kwa kuwa alitoka salama mara mia na chombo kile kile, akaacha kutazama chini yake.

Kupotea kwa kazi hii kunagusa pia lugha. Maneno gadi, nyenzo, farumi, ngama, deheni na sifa hayaishi kamusini peke yake. Yanaishi pale mtu anapomwambia mwenzake leta gadi, upesi, maji yanatoka. Siku ambayo hakuna wa kuletewa, neno hubaki kama ganda la chaza ufukweni, zuri na tupu. Washairi wa Kiswahili wamekifanya chombo kuwa sitiari ya nafsi, ya ndoa na ya dola kwa karne nyingi. Sitiari hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu msikilizaji aliwahi kushika kamba, akajua chombo kina uzito gani pwani na kinanuka nini kikipakwa. Bado wapo wazee Chole na Jibondo ambao masikio yao yanatambua pamba iliyokaa na isiyokaa. Majina ya kazi zao, na namna zao za kupima moto kwa mkono, yanaweza kuandikwa wakiwa hai, kwa daftari na kalamu tu.

Na vijana wa Utende wana maneno yao mapya, ya mnyororo, plagi na breki, ambayo bado hayajapata malenga. Huyo naye atakuja. Kwanza, jioni, pikipiki huegeshwa kivulini, mmoja huteka maji na mwingine hushika usukani isianguke, kwa sababu chombo hata kikiwa kidogo hakioshwi vizuri na mtu mmoja.